Atakayeota Ndiye Awashe

Nyumba ya Kipchumba kule Kingstanding, Birmingham, ilikuwa na meko ya ukutani, ila kwa miaka yote aliyokaa humo hakuwahi kuuona moto wake. Mwenyeji wa kabla yake aliyaziba kwa ubao, akaupaka ubao rangi ya ukuta, na Cheryl, mkewe Kipchumba, akasogeza hapo kabati la televisheni. Aliyeyagundua ni Roselyne, mamake Kipchumba. Alikuwa amefika kutoka Kenya jana yake tu, miguu bado imevimba kwa kukaa ndegeni, alipogonga ukuta kwa kidole akasikia una uwazi ndani.

"Nyuma ya hapa kuna meko," akasema.

"Mama," Kipchumba akacheka, "umefika jana, leo unataka kubomoa nyumba yangu?"

"Sibomoi. Nakukumbusha tu kwamba moto wa nyumba hii sijauwasha."

Kipchumba alijua anachoambiwa. Katika ukoo wao, mwana akijenga, mama mzazi ndiye huwasha moto wa kwanza, na ndiye wa kwanza kuuota. Hakuna anayeinjika sufuria mpaka mama akae pale, anyooshe mikono, aseme maneno yake mawili matatu. Lakini Kipchumba hakujenga, alinunua, tena nyumba ya jiji iliyojengwa kabla babake hajazaliwa, na moto wake ulikuwa wa kubonyeza kitufe. Akamshika mamake bega, akamwambia, "Utauwasha tu. Kwani una haraka ya wapi? Utakaa hapa mpaka uchoke mwenyewe. Theluji utaiona kwa macho yako."

Hiyo ilikuwa Mei. Roselyne aliyachukua maneno hayo akayaweka moyoni, akakaa nayo kama mtu aliyeshiba. Nyumbani kwake Kaptagat hapakuwa na mtu wa kumrudisha. Mumewe alikuwa kaburini, binti zake wameolewa mbali, na jioni alikuwa akiwasha moto mzima kwa ajili ya sufuria moja ndogo ya mboga. Baridi ya Kaptagat aliizoea tangu utotoni. Kilichomshinda ni kula peke yake.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Roselyne hakungojeshwa hadi ya tatu. Jembe lake lilikuwa na umri wa miaka mitatu, lilikuwa na mashavu mazito, na liliitwa Jerop. Kipchumba alikuwa nesi, akitoka alfajiri. Cheryl alifanya kazi usiku katika nyumba ya kulelea wazee, akirudi asubuhi macho mekundu na kwenda moja kwa moja kitandani. Katikati ya hao wawili alikuwa Roselyne. Yeye ndiye aliyemwogesha Jerop, akamlisha, akamfuta machozi, akampeleka kwenye bembea, akambeba mgongoni kwa leso barabarani huku wazungu wakigeuza shingo. Alipofika, mtoto alikuwa akielewa Kiswahili lakini akijibu kwa Kiingereza, tena Kiingereza cha Birmingham chenye kuvuta maneno. Kufikia Agosti Jerop alikuwa akiamka na kuita, "Gogo, nataka uji," nalo neno hilo la gogo, ambalo kwao ndilo nyanya, alilisema kama mtoto wa Kaptagat. Roselyne hakulijivunia hilo mbele za watu, lakini moyoni alijua ni kazi ya nani.

Septemba ikaingia na mvua yake nyembamba. Mikono ya Roselyne ikaanza kufa ganzi asubuhi, akauliza kwa upole kama ile mitambo ya joto ya ukutani ingewashwa kidogo.

"Mama!" Kipchumba akasema huku akivaa viatu. "Mtu wa Kaptagat analia baridi ya Septemba? Hii bado. Vaa lile koti langu la zamani."

Akalivaa. Lilikuwa na mfuko uliotoboka, na funguo zake zilipita hapo zikazunguka ndani ya bitana siku nzima. Hakusema neno tena kuhusu baridi, kwa kuwa aliona kweli, ataonekanaje mtu aliyekulia kwenye umande akilalamika mbele ya mwanawe.

Kwa hivyo hebu fikiria furaha yake Oktoba ilipoanza na Kipchumba akasukuma kabati la televisheni pembeni, akang'oa ule ubao kwa bisibisi, akasema, "Mama, tunafungua chimni. Lazima ikae tayari kabla ya baridi kali."

Nani angemlaumu kwa alivyoelewa? Aliomba joto Septemba, Oktoba meko yanafunguliwa. Alitazama lile shimo jeusi lililojaa vumbi, gazeti la zamani na mifupa ya ndege, akaona kiti chake pembeni, akamwona Jerop mapajani, akaiona na theluji yenyewe dirishani. Machozi yakamlengalenga, akajitia kukohoa. "Masizi haya," akasema.

Kuanzia hapo hakuna aliyemgusia kazi ile, aliichukua mwenyewe. Alifagia, akasugua vigae vya mbele kwa brashi ya viatu mpaka vikatoa rangi yao ya kijani ambayo hata Cheryl hakujua ipo. Alikwangua kutu kwenye wavu wa chuma wa kubebea makaa, akaupaka rangi nyeusi mara mbili. Jerop alimsaidia kwa kujipaka masizi usoni. Cheryl alipoamka akawakuta hivyo, akacheka akawapiga picha, akaituma mahali kwa simu. Roselyne hakuuliza anaituma wapi.

Mfagia chimni alikuja Jumatano. Alikuwa Kalasinga wa makamo mwenye kilemba cha buluu na gari lililojaa fito, na Roselyne alipomfungulia mlango akaanza kuhangaika na Kiingereza chake cha kuungaunga, yule bwana akamkatiza.

"Mama, sema Kiswahili tu. Mimi naitwa Jaspal. Mimi nazaliwa Eldoret."

"Eldoret!" Roselyne akashika mlango. "Eldoret gani?"

"Eldoret ile ile. Baba yangu alikuwa na mashine ya kupasua mbao karibu na stesheni. Miti ilikuwa inatoka huko kwenu juu, Kaptagat."

"Kumbe nyinyi ndio mlimaliza msitu wetu!"

"Pole, Mama. Ilikuwa mingi," Jaspal akasema, wakacheka wote wawili pale mlangoni, na baridi ikaingia ndani bila mtu kuijali.

Asubuhi hiyo ilikuwa nzuri kuliko zote alizowahi kuziona Birmingham. Jaspal alitandika mashuka makuukuu sebuleni, akaziba mdomo wa meko kwa kitambaa, akaunganisha fito moja baada ya nyingine na kusukuma brashi yake juu. Katikati ikakwama. Akasukuma tena, akazungusha, akatukana kidogo kwa Kipunjabi, ndipo kikaporomoka kishindo cha vijiti. Vilikuwa vingi hata Roselyne hakuamini vimetoka katika tundu lile. Kilikuwa kiota, tena kiota juu ya kiota.

"Kunguru wadogo," Jaspal akaeleza. "Kila mwaka wanarudi wanaongeza. Sasa wamekuza watoto, wameenda zao. Nitaweka waya huko juu, hawaingii tena."

Roselyne alikuwa ameshapiga magoti anaviokota. Vilikuwa vijiti vikavu, vyembamba, vya kushika moto kwa kiberiti kimoja. Jiji halikuruhusu moshi wa kuni, Kipchumba alikwisha kumwambia, na alikuwa ameleta magunia ya makaa ya kiwandani yasiyotoa moshi, meusi, ya mviringo kama mayai. Roselyne aliyadharau. Lakini hata makaa ya namna hiyo yanahitaji kitu cha kuyaamsha, na hapa Mungu alikuwa amemshushia kuni kutoka juu ya paa. Akajaza gunia.

Brashi ilipotokeza juu, Jaspal alimwita nje akaione ikichungulia angani. Kisha akawasha kidonge cha moshi mekoni, wakatoka tena wote wawili na Jerop katikati yao, wakaona moshi mweupe ukipanda vizuri bila kuvuja kwa jirani. Akabandika ukutani kile kidude kinacholia gesi ya sumu ikijaa chumbani. Mwisho akamwonyesha Roselyne siri ya chimni iliyolala baridi muda mrefu.

"Hii ukiwasha tu hivi, moshi inarudi kwako. Hewa baridi imekaa ndani kama kifuniko. Kwanza unawasha gazeti, unalishika juu hapa kwenye koo, unangoja uisikie inavuta. Hapo sasa washa moto yako."

"Hilo nimelielewa," Roselyne akasema. Moto hakuwa mgeni kwake.

Akampikia chai ya tangawizi. Jaspal alikunywa amesimama, kwa heshima ya kochi, kwani alikuwa mweusi mpaka kwenye kope. Akaweka kikombe, akasema, "Basi Mama, hiyo ya gazeti usisahau kumwambia yule mama mwingine."

"Mama mwingine nani?"

"Mama ya Cheryl. Kipchumba aliniambia kwa simu, Jaspal, fanya haraka, kabla ya Novemba, mama mkwe anakuja kutoka Mombasa, hii baridi itamuua."

Roselyne alikuwa ameshika birika. Hakulitua. "Na mimi? Kuhusu mimi alikwambiaje?"

Jaspal alitazama ndani ya kikombe kitupu. Alikuwa mtu mwema, na aliona amemwaga mtama kwenye kuku wengi. "Alisema mama yake iko nyumbani," akasema taratibu. "Atanifungulia mlango."

Gari lilipoondoka, Roselyne alikaa kwenye ngazi na koti la mwanawe. Kanisani kwa Wakenya, kule Erdington, alikuwa amewasikia wanawake wakisema, "Wa kwangu ameondoka, wa mume wangu anafika Ijumaa," akadhani wanazungumzia wageni wa kupita. Sasa akaelewa. Mgeni hupewa na serikali miezi sita. Kumlipa mtu wa nje alee mtoto hakushikiki kwa bei. Basi mama wa huku anakuja na jua, mama wa kule anakuja na baridi, na mtoto anapokezanwa katikati kama wagonjwa wanavyopokezanwa na manesi. Wenyewe huuita mpango. Ni zamu. Nyanya wanaingia zamu na hawaambiwi, kila mmoja anaimbiwa kwamba atakaa mpaka achoke.

Akakasirika, tena sana. Halafu, kama ilivyo kwa mama, akaanza kumtafutia mwanawe udhuru. Labda wanakuja kuwa wawili. Rita, mamake Cheryl, hakuwa na ubaya. Walicheza pamoja siku ya harusi Mombasa, Rita na kicheko chake na jasho lake, akimfunga Roselyne leso kiunoni kwa nguvu. Vyumba vipo. Wanawake wawili wanaweza kuota moto mmoja, hata watatu. Na Kipchumba alisema theluji. Mwanaume hawezi kumwahidi mamake theluji kisha amrudishe kabla haijaanguka. Akasimama, akaenda kukunja mashuka, akaamua kungoja aambiwe. Hakutaka kuuliza. Alitaka mwanawe afungue mdomo wake mwenyewe.

Akampa nafasi. Jioni ile akasema, "Kipchumba, hii theluji huanza lini?"

"Inategemea, Mama," akajibu macho kwenye simu.

Siku nyingine akasema, "Nimezeeka, sasa napenda kujua mambo mapema. Safari na vitu kama hivyo."

"Usijali, Mama. Kila kitu kiko sawa."

Alimwacha kidogo, akajaribu mlango mwingine. "Mama Jerop," akamwambia Cheryl, "naona mnajiandaa sana."

"Ai, Mama, ni baridi tu," Cheryl akasema, na shingo yake ikawa nyekundu hata kwa weusi wake. "Mwaka jana tuliganda humu ndani."

Mwaka jana. Roselyne alilisikia neno hilo likipita. Hakumuuliza mwaka jana walikuwa na nani.

Kisha kikaja kiti. Kilikuwa kiti cha kuegemea, kifupi, cha kitambaa laini, kikawekwa pembeni mwa meko pale pale alipokuwa amekiona akilini mwake. Na chini ya kiti, Cheryl akasahau boksi la sapatu za manyoya. Nyumba ilikuwa kimya, Cheryl amelala, Jerop anachezea vijiti vya kiota. Roselyne akazitoa akazijaribu. Miguu yake ilikuwa ya mtu aliyekwenda pekupeku mpaka alipoolewa, mipana, imara. Sapatu zilimfika nusu. Zilikuwa za miguu midogo, na aliikumbuka vizuri miguu ya Rita ikizunguka katika vumbi la harusi. Akazirudisha katika boksi, karatasi yake juu, kama zilivyokuwa.

Akufukuzaye hakwambii toka. Mithali hii Roselyne aliijua tangu utoto, lakini alidhani inahusu watu baki.

Aliendelea na kazi hata hivyo. Akapanga makaa katika ndoo, akakata magazeti, akafunga vijiti mafungu madogo madogo. Hakutaka tu mtu aje kusema mama Kipchumba alifanya kazi nusu. Na kona moja ya moyo wake, ile ya kijinga, bado ilikuwa ikihesabu vyumba.

Jumapili ya mwisho ya Oktoba, wakati saa za huko zinarudishwa nyuma kwa ajili ya baridi na giza linaanza kuja mchana mchana, Kipchumba alialika watu wa kanisa. "Tunafungua meko, Mama," akasema kwa bashasha. "Utawasha moto wa kwanza, kama nyumbani. Nimewaambia watu wote desturi yetu." Alikuwa amevaa shati zuri. Roselyne akamwangalia, akaona kwamba ana furaha ya kweli, na hilo lilimuuma kuliko kama angekuwa mnafiki. Mwanawe aliona amemfanyia mamake jambo kubwa.

Wakaja, wakala wali na kuku na chapati, wakasifu vigae vya kijani. Roselyne alivaa gauni lake la kanisani. Alipanga moto mwenyewe, gazeti chini, mafungu ya kiota juu yake, makaa machache kwa mpango, akakaa kando kwenye kigoda cha jikoni. Kwenye kiti kipya hakukaa. Mzee Fanuel, aliyekuwa kiongozi wa kikundi chao cha maombi, akasimama, akawaomba wafumbe macho.

Aliomba vizuri, alikuwa na kipaji. Akaibariki nyumba, akaibariki chimni, akakemea magonjwa ya majira ya baridi. Kisha sauti yake ikalegea kwa upendo, akasema, "Na Bwana, tunakushukuru kwa mama yetu huyu, aliyeacha shughuli zake akaja kuwasaidia watoto. Anaposafiri Jumanne kurudi nyumbani, ukamfunike, ukaishike ndege kwa mkono wako, umfikishe salama. Na yule mama anayekuja, ukamlete pia salama."

"Amina," wakasema wote. Walisema kwa pamoja, bila kushtuka, watu wazima kumi na zaidi. Wote walikuwa wanajua.

Roselyne alikuwa bado amefumba macho. Alikuwa peke yake mle gizani na neno Jumanne. Alijaribu kulisogeza na halikusogea. Alipofumbua, kiberiti kilikuwa mbele yake, juu ya kiganja cha mwanawe.

"Haya, Mama," Kipchumba akasema. Alitabasamu, lakini tabasamu lilikuwa linaomba kitu. Alikuwa ameyasikia maneno ya Fanuel kama alivyoyasikia yeye.

Roselyne akakipokea kiberiti. Akasimama, goti likalia. Watu wakainua simu zao wapige picha. Akapita mbele ya mwanawe, akapita mbele ya meko, akafika alipo Cheryl, akamwekea kiberiti mkononi na kuvifunga vidole vyake juu yake, kwa upole kabisa.

"Kwetu," akasema, "atakayeota ndiye awashe. Mama yako hajafika. Washa wewe kwa niaba yake."

"Mama..." Kipchumba akaanza.

"Desturi umewaambia, si ndiyo? Basi hujawaambia yote."

Akapanda ngazi. Chumbani kwake sanduku lilikuwa juu ya kitanda, limefunguliwa. Mtu alikuwa amelishusha darini wakati yeye anapakua chakula. Akakaa kando yake. Alitamani kulia, akashindwa, akaanza kukunja nguo.

Chini walijikaza. Watu wa kanisa hawawezi kuacha shughuli iharibike. Akamsikia Fanuel akitania, akausikia mkwaruzo wa kiberiti, makofi, mtu akasema, "Haleluya!" Kisha vikohozi. Kwanza kimoja, kisha vingi. Vijiti vya kunguru vilishika moto upesi kama alivyojua vitashika, na moshi wote, baada ya kugonga ile hewa baridi iliyolala kwenye koo la chimni, ukageuka ukarudi sebuleni. King'ora cha moshi kikaanza kupiga kelele. Madirisha yakafunguliwa kwa pupa. "Mama!" akasikia Cheryl akiita chini ya ngazi. "Mama, moshi!"

Roselyne akakunja sweta, mkono wa kulia, mkono wa kushoto. Akaliweka ndani ya sanduku. Waache wajionee. Hakuna aliyekuwa ameona haja ya kumwambia yeye, na yeye haoni haja ya kuwaambia wao.

Ndipo akamsikia Jerop. Kilikuwa kikohozi kidogo, cha kifua chembamba, na katikati yake neno moja. "Gogo!"

Goti halikulia safari hii, au lililia asilisikie. Alishuka, akapita katikati ya moshi na watu wanaopunga magazeti, akamnyakua mtoto chini ya meza, akatoka naye kwa mlango wa jikoni hadi bustanini. Akamfunga mgongoni kwa leso, akavuta koti la Kipchumba juu yao wote wawili. Nje palikuwa na giza tayari, na baridi ya kutoa machozi. Mtoto alikohoa mara mbili tatu, akatulia, akalaza shavu kwenye shingo yake.

Kipchumba akatokea mlangoni. Alikuwa peke yake. Wageni wote walikuwa upande wa barabarani wakipunga hewa, hapakuwa na sikio hata moja pale ila lake na la mamake na la mtoto. Alisimama, akafungua mdomo, na Roselyne akangoja. Angemsamehe. Kwa neno moja, hata likiwa bovu, hata likiwa la kuzungukazunguka, angemsamehe pale pale, na Jumanne angepanda ndege yake.

"Mama," Kipchumba akasema, "huyu Jaspal alikuonyesha nini? Tunafanyaje?"

Roselyne akamfunika mtoto miguu kwa koti. "Washa gazeti," akasema. "Lishike juu kwenye koo. Ngoja mpaka uisikie inavuta."

"Asante, Mama." Akarudi ndani mbio.

Haikuchukua muda. King'ora kikanyamaza, madirisha yakafungwa moja baada ya jingine, na kwenye dirisha la sebule ukaonekana mwanga mwekundu ukicheza. Moto ulikuwa umekubali. Wakapiga makofi tena, safari hii ya kweli. Kutoka bustanini Roselyne alikiona kile kiti kifupi, hakuna aliyekikalia.

Jerop akajisogeza mgongoni. "Gogo, unaenda na ndege?"

Roselyne akaanza kumtikisa.

"Mummy alisema tusikwambie," Jerop akanong'ona sikioni mwake, kwa Kiswahili kile alichomfundisha mwenyewe. "Mpaka kesho. Ni siri."

Roselyne akakaza fundo la leso kifuani.

"Basi usiniambie, mama," akasema, akaendelea kumtikisa pole pole mpaka alipolala.